Mama Gawanya na Wati Mia Tano Zilizopotea

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi umeme mkuu wa hospitali yetu atakabidhi funguo za chumba cha swichi na kwenda nyumbani kupumzika. Jina lake la kwenye orodha ya mishahara analijua mhasibu. Sisi wengine wote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mganga mkuu, tunamwita Mama Gawanya. Hata mumewe, fundi cherehani na mtu wa heshima zake, alishindana na jina hilo kwa muda, mwishowe akasalimu amri.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu. Mimi ni fundi bomba. Nimekaa naye karakana moja, meza moja, tukigombania kiti kimoja chenye mgongo mzima. Kamati ilinipa na sharti: niandike maneno ya kuchangamsha, nisije nikatisha wageni. Nimejitahidi. Lakini mtu akitaka kueleza Mama Gawanya ni nani, halafu aruke alasiri ile ya wodi ya watoto njiti, atakuwa ameshona shati lisilo na shingo.

Nianze na mepesi. Alikuja hapa akiwa binti mwembamba mwenye cheti cha ufundi na viatu vizito vilivyompwaya. Karakana ilikuwa ya wanaume watupu, nasi tulikuwa na utani wa kijinga. Siku ya kwanza tukampa pasi ya chumba cha kufulia iliyokuwa haipati moto vizuri, tukacheka kwamba pasi ni mambo yake. Hakununa. Aliichomeka kwenye soketi yetu, akapima. Volti mia mbili thelathini, ampea tano. Akagawanya, akapata omu arobaini na sita. Akazidisha, akapata wati elfu moja mia moja hamsini, na ubavuni mwa pasi palikuwa pameandikwa hizo hizo. Akaturudishia pasi yetu.

"Huyu si mgonjwa," akasema. "Mgonjwa ni soketi mliyomtoa. Twendeni tukaione."

Jina likamganda siku hiyo hiyo. Wanafunzi wote waliopita mikononi mwake wanakumbuka somo lake la kwanza, maana lilikuwa pia la pili na la tatu. Ukitaka kujua ubishi wa kitu, alikuwa akisema, yaani kinavyoukatalia umeme usipite, chukua volti ugawanye kwa ampea. Ukitaka kujua hasira yake, yaani moto kinaoutoa, usigawanye tena, zidisha. Umeme hauna siri, mwanangu. Una ubishi na una hasira, na vyote viwili vinahesabika.

Wenzetu wa ofisi ya kumbukumbu wana somo lao wenyewe. Walikuwa wamechomeka birika na hita kwenye soketi moja, kila asubuhi ya baridi fyuzi inakatika, na kila asubuhi wanatupigia simu wakituita wazembe. Mama Gawanya akaenda, akavuta kiti, akakaa nao kama mgeni aliyekuja kusalimia. Birika wati elfu mbili, gawanya kwa volti mia mbili thelathini, ni karibu ampea tisa. Hita vivyo hivyo, tisa. Tisa na tisa ni kumi na nane, na soketi imepewa kubeba kumi na tatu. "Sasa ndugu zangu, chagueni," akawaambia, "kunywa chai au kuota moto." Walichagua chai. Fyuzi ile haijakatika tena.

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Sasa niingie penyewe.

Yalikuwa majira ya baridi na mvua haikuwa imenyamaza tangu asubuhi. Tumetoka tu kula, simu ya karakana ikalia. Alikuwa sista mkuu wa wodi ya njiti, mwanamke asiyependa kulalamika, na kwa hiyo akilalamika watu husimama. Alisema vitanda vya joto vimekuwa vivivu. Watoto wanapoa. Amefunga madirisha, ameongeza blanketi, amepandisha vipimo vya joto hadi mwisho, na bado anapowashika miguu anakuta baridi.

Vitanda vile vilikuwa vya zamani na kila mtu alikuwa akisubiri vipya, kwa hiyo wengi wetu tulidhani uzee umevifikia. Mama Gawanya alichukua mita zake mbili, ile ya kuchomeka na ile yenye taya inayoukumbatia waya na kukuambia ampea ngapi zinapita. Akanigeukia.

"Bomba, lete ngazi. Huenda nikaihitaji."

Mle wodini walikuwamo watoto sita, kila mmoja kitandani pake, wadogo kiasi kwamba kofia za sufu zilikuwa kubwa kuliko vichwa. Wanne walikuwa na mirija ya oksijeni puani, na mashine za oksijeni zilikuwa zikiguna pembeni. Mama Gawanya alipima kitanda cha kwanza. Volti mia mbili na nane. Ampea mbili na nukta tatu sita. Midomo yake ikacheza kidogo, kama anavyofanya akihesabu.

"Kitanda ni kibovu?" Sista akauliza.

"Kitanda ni kizima. Ubishi wake ni omu themanini na nane, kama siku kilipoletwa. Ila kilizaliwa na wati mia sita na sasa kinatoa mia nne na tisini. Kinanyimwa chakula, Sista. Kuna anayekula njiani."

Tukaenda kwenye chumba cha swichi, upande wa pili wa jengo. Pale kwenye bodi kuu volti zilikuwa mia mbili thelathini kamili. Akaubana kwa taya za mita ile waya unaokwenda wodi ya njiti, akasoma ampea ishirini na tano. Kisha akasimama akiiangalia mita, na nikaona uso wake umebadilika. Nimemwona akipigwa shoti, nimemwona akizika baba yake. Uso ule sikuwa nimeuona.

Niwaeleze alichokiona, kwa lugha ya fundi bomba. Tangi likiwa limejaa na bomba la mwisho linatiririsha maji kwa uvivu, basi katikati pana mahali palipobana. Katika kazi yangu mahali palipobana huchelewesha maji tu, na mtu akakasirika akiwa na sabuni usoni. Katika kazi yake, palipobana panachemka.

Volti ishirini na mbili zilikuwa zimepotea kati ya bodi na wodi. Mbili kati ya hizo zilikuwa haki ya waya wenyewe, kwa urefu wake. Ishirini zilizobaki zilikuwa zikiliwa mahali pamoja. Akagawanya ishirini kwa ishirini na tano: ubishi wa omu sifuri nukta nane, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na ubishi wowote. Kisha akazidisha ishirini kwa ishirini na tano.

"Mia tano," akasema. "Wati mia tano, Bomba. Karibu nusu ya ile pasi mliyonipa. Imewashwa, imelazwa juu ya mbao mahali fulani darini, na hatujui wapi."

Mkuu wetu wa karakana alikuwa amefika mlangoni akayasikia hayo. Ni mtu mpole, lakini alikwisha kuona jengo likiungua ujanani mwake na hakusubiri maelezo. Alinyoosha mkono kwenye swichi.

"Nakata."

"Subiri, Mkuu."

"Nisubiri nini? Sheria inasema ukijua kuna moto kwenye waya, unakata."

"Sheria ni ya kweli. Lakini tumwambie kwanza Sista."

Tulirudi wodini karibu tunakimbia. Sista alisikiliza, akatandaza mikono mlangoni kana kwamba tungebeba umeme tuondoke nao. "Mkikata, hawa wanne hawana pumzi na wote sita hawana joto. Mitungi ya oksijeni iko chumba cha upasuaji, jengo la mwisho kule. Nipeni njia nyingine."

"Tuwashe jenereta," mimi nikasema, nikijiona mjanja.

"Jenereta inapita waya ule ule," Mama Gawanya akanijibu bila kunitazama.

Nataka msomaji asimame hapo kidogo, kama tulivyosimama sisi. Mkuu hakuwa amekosea. Sista hakuwa amekosea. Juu ya vichwa vyetu mbao kavu za miaka mingi zilikuwa zikipashwa moto, na mvua ilikuwa ikigonga bati kiasi kwamba hata kama kitu kingelia kule juu tusingekisikia.

Mama Gawanya akamuuliza Sista swali moja tu. "Vitanda hivi vikizimwa, lakini mashine za oksijeni zibaki, watoto watafanyaje?"

Sista hakufikiri sana. "Nikiwaacha vitandani watapoa upesi. Lakini nikiwaweka vifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, blanketi juu, watakaa hata kutwa. Kifua cha mama hakihitaji soketi."

Hapo nikaona midomo ya mwenzangu ikicheza tena. Vitanda vikizimwa, na jokofu la dawa, zitabaki ampea kumi. Ampea kumi zikipita kwenye ubishi ule ule wa sifuri nukta nane zitapoteza pale volti nane, si ishirini. Nane mara kumi ni themanini.

"Kutoka wati mia tano mpaka themanini," akasema. "Mkuu, haizimi moto. Ila inatununulia muda wa kupatafuta na kuleta mitungi. Ukiniruhusu."

Mkuu alimwangalia, akamwangalia Sista, akaangalia dari. "Mimi naenda kusimama kwenye swichi," akasema. "Simu yangu iwe wazi na yako iwe wazi. Nikisikia neno moja, nakata. Nisiposikia neno na nikaona moshi, nakata vile vile."

Kina mama wakaitwa kutoka chumba cha mapumziko. Walikuja na khanga mabegani, wengine bado wakitembea kwa shida. Wa mwisho alikuwa mama wa mtoto mdogo kuliko wote, binti aliyejifungua kwa mara ya kwanza, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye taa nyekundu za vitanda zilizokuwa zikizimwa moja baada ya nyingine.

"Sista, kuna nini? Mbona mnazima?"

"Kaa hapa, mwanangu. Fungua vifungo. Leo tunataka wewe uwe kitanda."

Wahudumu wawili wakatumwa mitungi, wakatoka na toroli kwenye mvua. Mimi na Mama Gawanya tukaanza kuufuata waya. Kazi hii ukiisikia ni rahisi: unapima mahali, unasogea, unapima tena, na pale volti zinapoanguka ghafla, ugonjwa umo kati ya vituo viwili. Kwenye duka la dawa la hospitali zilikuwa karibu mia mbili thelathini. Kwenye stoo ya mashuka, mlango wa pili, zilikuwa mia mbili ishirini na moja. Basi. Ilikuwa juu ya stoo ya mashuka, chumba chenye pamba safi iliyokunjwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari.

Akapanda ngazi, akaugusa ubao wa dari kwa mgongo wa mkono, akausogeza taratibu. Mahali pamoja akasimama.

"Ni wa moto," akasema, "kama paji la mtoto mwenye homa."

Tulitoa mashuka kwa mikumbo, wauguzi, mfagizi, mtu wa duka la dawa, kila aliyekuwa na mikono. Mama Gawanya hakutaka kufungua dari mapema. Alisema moto uliojificha ni kama mtu aliyelala. Ukimfungulia mlango akapata hewa, anaamka. Alitaka mitungi yote minne iwe imefungwa kwa watoto kwanza, Mkuu akate, ndipo afungue. Ulikuwa mpango mzuri. Nilianza hata kupumua.

Mtungi wa kwanza ukafika, ukafungwa. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ulipofika, kichwa chake cha kurekebishia hewa hakikuingia. Kilikuwa cha aina nyingine. Mhudumu akarudi mbio kwenye mvua kufuata kingine. Aliyebaki bila mtungi alikuwa yule mdogo kuliko wote.

Na hapo moshi ukachungulia. Haukuwa mwingi. Ulitoka kwenye ukingo wa ubao kama pumzi ya mtu kwenye baridi, ukarudi ndani, ukatoka tena mweusi zaidi.

Mama Gawanya hakuwa na la kuchagua. Akaikita bisibisi kwenye ukingo, akaubandua ubao. Nilikuwa chini nimeshika ngazi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, kwa hiyo nilichokiona ni kidogo: nyaya mbili zilizosokotwa na kuviringishwa utepe mweusi, utepe umeyeyuka, shaba ikiwaka kama kaa la moto, na ubao chini yake umekuwa mkaa. Hewa ikaingia. Ulimi wa moto ukasimama.

"Bomba! Uliza mitungi!"

Nikapaza sauti kuelekea wodini. Ikarudi sauti ya muuguzi: "Mitatu!"

Kwenye simu Mkuu alikuwa akisema, "Nikate? Mnanisikia? Nikate?"

Nikamtazama Mama Gawanya. Alikuwa na mtungi wa kuzimia moto mkononi na pini ameshaing'oa. Moto ulikuwa umeanza kuilamba nguzo ya paa. Aliniangalia, nami nikamwangalia, na hakusema kitu. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Kwangu ilikuwa kama mtu ameushika ulimwengu mkiani.

Ikaja sauti ya Sista, kubwa, ambayo sikujua anayo.

"Kateni! Huyu nampulizia kwa mkono!"

"Sista, una hakika?" Mama Gawanya akaita kutoka juu.

"Kata, Mama Gawanya!"

"Kata," akasema, nami nikasema kwenye simu, "Kata!" Taa zikazimika, na mashine zilizokuwa zikiguna wodini zikanyamaza. Kimya kile nakisikia hadi leo.

Akamwaga unga wote wa mtungi. Ulimi ulizima, lakini nguzo iliendelea kuvuta kama sigara. Sasa umeme ulikuwa umekatwa na maji yaliruhusiwa, na hapo ndipo, kwa mara ya pekee katika miaka yetu yote, kazi yangu ilitangulia yake. Niliyalowesha mashuka kwenye bomba la ukumbini nikampandishia moja baada ya jingine. Akayabandika juu ya mbao. Waya ule wa moto ulikuwa bado umelala kwenye vumbi la darini, na vumbi likaanza kumeta. Akaunyakua kwa kiganja kitupu, akauvuta nje. Sikusikia akilia. Nilisikia tu pumzi ikiingia kati ya meno.

Moto ulizimika. Lakini wodini Sista alikuwa amepiga magoti mbele ya yule mama kijana, mtoto akiwa kifuani, na kwenye mwanga hafifu wa dirishani alikuwa akiubinya mfuko mdogo wa mpira, akiuachia, akiubinya. Muuguzi alitaka kumpokea, akakataa kwa kichwa. Mama kijana hakuwa akilia tena. Alikuwa akipumua pamoja na mfuko, kana kwamba akikosea yeye mtoto naye atakosea.

Mhudumu alirudi na kichwa kinachofaa, ameloa chapachapa, ameanguka njiani na goti linavuja damu. Kikaingia. Sista akauachia mfuko, akabaki pale pale sakafuni, vidole vyake vimekataa kunyooka.

Waya uliunganishwa upya jioni ile ile. Kiganja cha Mama Gawanya kilikuwa kimefungwa bendeji, kwa hiyo mikono ilikuwa yangu na akili ilikuwa yake. Alinisimamia kama mama mkwe. Tukakata sehemu yote iliyoungua, tukafunga kwa viungio vya chuma vyenye skurubu, ndani ya kisanduku. Umeme uliporudi hakuruhusu mtu ashangilie. Alinituma niwashe vitanda vyote, jokofu, kila kitu, kisha akapima wodini kwa mkono wa kushoto. Mia mbili ishirini na nane. Mbili tu zilipotea, haki ya waya. Ndipo alipokaa juu ya rundo la mashuka machafu, na mfagizi akamfunika blanketi.

Watoto wote sita waliishi. Huyo mdogo alitoka hospitalini baada ya wengine, lakini alitoka.

Uchunguzi ulifanyika, kama inavyopaswa. Mjumbe mmoja wa kamati ya uchunguzi alimuuliza kwa nini hakukata mara tu alipojua, maana jengo zima lilikuwa hatarini na wagonjwa wengine walikuwamo. Lilikuwa swali la haki. Mama Gawanya hakujitetea sana. Alisema angekata mara ile ile, yeye angekuwa salama, na karatasi zake zingekuwa safi. Mkuu wa karakana akaomba kusema. "Mimi nilitaka kukata mapema, na ningeulizwa leo ningerudia," alisema. "Yeye alitaka kusubiri. Hospitali inayomlazimisha mtu kuchagua kati ya hayo mawili ndiyo yenye makosa. Tuitengeneze." Kamati ikakubaliana naye.

Na ikatengenezwa. Tangu hapo wodi ya njiti ina mitungi yake, imesimama mlangoni, vichwa vimejaribiwa. Kila wodi hupimwa kila mwezi vyombo vyote vikiwa vimewashwa, mwanzo wa waya na mwisho wake, na tofauti inagawanywa na kuzidishwa kabla fundi hajanywa chai. Kwa njia hiyo tumeyakuta maungio mengine yaliyokuwa yakichemka kimya kimya, moja likiwa juu ya maabara. Nani aliyesokota nyaya zile za kwanza hatukujua, na Mama Gawanya hakutaka tumtafute. Alisema huenda siku ile fundi huyo alikosa viungio na akaambiwa amalize.

Yeye mwenyewe alilipia. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri mpaka leo. Na kwa miezi mingi hakuweza kupanda darini. Alifika chini ya ngazi, akaishika, akaniambia, "Bomba, panda wewe, mimi nasoma mita." Nilipanda bila kuuliza. Kisha siku moja nikamkuta amekwisha kupanda peke yake, miguu tu inaonekana, anaimba. Nami sikuuliza.

Yeye na Sista, ambao kabla ya hapo walikuwa wakisalimiana tu, wakawa ndugu. Sista alistaafu kabla yake na atakaa naye meza kuu siku ya sherehe. Mama Gawanya anakwenda kumtunza mama yake mzazi, ambaye macho yamefifia, na mumewe ameshahamishia cherehani huko. Anatuachia mafundi aliowafundisha, na fundi mkuu mpya ni binti aliyeingia hapa kama mwanafunzi wake na kuogopa hata kubadilisha balbu.

Kuna jambo moja la mwisho, nimeliomba ruhusa kuliandika naye amenipa. Mwezi uliopita tulikuwa tukifungasha vifaa vyake, akaacha ghafla akaniambia, "Bomba, pale juu ya ngazi, kabla Sista hajaitika. Unajua sikuwa na jibu? Nilihesabu kila kitu siku ile, lakini hilo halikuhesabika. Mpaka leo sijui ningesema nini."

Sikuwa na la kumjibu wakati ule, kwa hiyo namjibu hapa mbele yenu wote. Dada yangu, nilikuwa chini ya ngazi ile nami pia sijui. Lakini swali hilo si mzigo wa kwenda nao kustaafu. Liache hapa karakanani. Tuko wengi, tutalibeba sisi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Uende salama, mama yako akupokee kwa furaha, na maisha yako ya mbele yawe mema, yenye usingizi mrefu ambao hakuna simu ya kuukatiza.